Mwenzako wa karata akikufokea barazani

Ndugu yangu, umesema mwenzako hukufokea kila ukikosea karata, na juzi nusura mshikane mashati barazani. Pole sana. Mimi yalinikuta Mji wa Kale, tukanuniana mwezi mzima.

Mvute kando kabla karata hazijachanganywa, umwambie lawama zingoje mchezo uishe. Lakini msikilize pia: kwenye mchezo wa karata wa wahedi wa sitini pointi zote ni 120, na ree, yaani karata ya A, moja peke yake ni 11. Ukimtupia mpinzani ree ilhali turufu, karata za rangi inayokata nyingine, bado ziko nje, mwenzako anaumia kweli. Kukonyezana mkatae nyote wanne. Pesa zikiingia, inuka. Matusi yakiendelea, mwombe mzee wa baraza awaite nyote wawili.