Kwa nini SGR ya Malaba–Kampala imechelewa

Ndugu, umesema Uganda ililala tu kuhusu SGR, yaani reli ya kisasa ya kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala. Hapana. Mkataba na kampuni ya Kichina ya CHEC ulisainiwa 2015, lakini Benki ya Exim ya China haikutoa mkopo, na reli ya Kenya yenyewe ikaishia Naivasha 2019. Sasa ya kwetu ingeungana na nini pale Malaba? Mkataba ukavunjwa Januari 2023, na Oktoba 2024 serikali ikasaini na Yapi Merkezi ya Uturuki: kilomita 272, yuro bilioni 2.7.

Kuchelewa huku kunatuumiza. Mizigo mingi bado inatoka Mombasa kwa malori, na foleni za Malaba sisi watu wa Tororo tunazijua. Wabunge wabanwe kuhusu fedha na fidia za ardhi, si tarehe za uzinduzi.