Kwani Mizani Nayo Ina Sherehe?

Kibaraza cha Shangazi, kutoka Kihesa, Iringa

Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine. Mlioandika kuhusu mawifi mnisamehe, zamu yenu itafika.

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto wanne, nyumbani ni Uyole, shamba langu la viazi mviringo liko upande wa Isyonje. Miaka tisa nimeuza kwa lumbesa. Unajua inavyokuwa: gunia likijaa hadi mdomoni wanalishonea wavu juu, wanaendelea kupakia mpaka linakuwa kama mjamzito wa miezi tisa, na bei inabaki ya gunia moja. Msimu huu nikakataa. Lumbesa 11 zilikuwa zimeshapangwa kando ya barabara, nikamwambia mnunuzi leo tunapima. Akacheka, akawasha gari, akaenda kama hatua hamsini, akarudi. Tukapima kwa mizani ya jirani. Ya kwanza ilitoka kilo 132. Jumla ya zote ikawa kilo 1,438, yaani gunia 14 na kilo 38, kwa elfu 65 kila kilo mia. Mikono ilinitetemeka, Shangazi, lakini sauti haikutetemeka.*

*Jioni nikanunua nyama nusu kilo na soda za watoto. Baba yao akauliza, "Kuna mgeni?" Nikamweleza. Akacheka, "Kwani mizani nayo ina sherehe?" Halafu akasema mnunuzi yule hatarudi tena kwetu. Nyama ikanikwama kooni. Je, nilikosea kushangilia kitu kidogo hivi? Au ndiyo ushamba wenyewe? Mama Viazi, Uyole.*

Marahaba, mwanangu. Na hongera. Nimetanguliza neno hilo kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mtu aliyekupa.

Sisi ni watu wa ajabu kidogo. "Pole" tunaigawa bure. Mtu akijikwaa, pole. Akirudi kazini, pole na kazi. Akishuka basi la kutoka Dar es Salaam, pole na safari. Hata akipiga chafya kuna atakayempa pole. Lakini "hongera" tunaipima kwa kibaba. Inasubiri harusi, mtoto, matokeo ya kidato cha nne. Mwanamke aliyesimama barabarani mbele ya lori na kusema "leo tunapima" hana fungu lake. Angeanguka na gunia mguuni, mtaa mzima ungempa pole.

Nadhani tatizo lingine ni kwamba neno sherehe limetuharibikia. Ukilitamka tu, watu wanaona kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za mchango, ukumbi, mshereheshaji mwenye kelele na keki ya kulishana. Nimekaa kwenye kamati hizo hadi nikawa mweka hazina wa kudumu, nazijua. Kwa hiyo mumeo aliposikia unashangilia mizani, huenda aliona kichekesho cha ukumbi na maua kwa ajili ya viazi. Hakuiona nusu kilo ya nyama kuwa nusu kilo ya nyama.

Nikupe langu. Miaka mitatu iliyopita nilivunjika nyonga, niliteleza kwenye ngazi yangu mwenyewe nikiwa nimebeba ndoo ya nguo. Miezi mingi nilitembea kwa fimbo, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwa jirani. Nikajiwekea nadhiri ya kupanda tena Gangilonga, lile jiwe la hapa mjini ambalo jina lake maana yake ni jiwe linaloongea, na ambalo wazee husema Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akienda kukaa na kuwaza. Kwa kijana ni matembezi ya kwenda kupiga picha. Mimi nilipumzika mara sita. Nilipofika juu mji wote uko chini, mabati yanang'aa, nami jasho linanitiririka, na hakuna mtu wa kumwambia. Vijana wawili walikuwa pale na simu zao. Jiwe lenyewe siku hiyo halikuongea.

Nikashuka, nikapanda bodaboda. Tulikuwa tumepatana 1,500. Njiani nikashindwa kujizuia, nikamwambia kijana wa watu habari yote, nyonga, fimbo, mara sita. Tulipofika akapokea elfu mbili yangu, akanirudishia elfu moja badala ya mia tano. Akasema, "Ile mia tano nyingine hongera yako, Bibi." Mia tano ilikuwa ya sarafu, ile yenye nyati. Ninayo hadi leo kwenye kopo la vifungo, na mara mbili nimekosa hela ya nyanya nikaenda kukopa kwa jirani badala ya kuigusa. Wanangu walinitumia hela nyingi zaidi ya hiyo nilipokuwa nimelala kitandani, na siwezi kukuambia noti hizo zilikwenda wapi.

Basi hukukosea. Ulichokosa ni mtu mmoja anayejua ulikotoka. Na hapa nitamtetea mumeo kidogo, usininunie. Yeye hakuwapo barabarani. Hakuona gari likiwashwa na kuondoka hatua hamsini, na nina hakika zile hatua hamsini ndizo zilizokula moyo wako. Aliona nyama tu. Keti naye na daftari. Lumbesa 11 kwa elfu 65 ni 715,000. Kilo zako 1,438 kwa bei ileile ni 934,700. Tofauti ni 219,700, na hiyo ni ya siku moja. Usizidishe kwa miaka tisa mbele yake, mtagombana usiku mzima. Mwachie azidishe mwenyewe akiwa peke yake. Wanaume wengi hongera zao hupitia kwenye hesabu kwanza. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo, alinipongeza siku ya tatu, tena akiwa ananipa mgongo.

Ila neno lake la mnunuzi kutorudi usilidharau. Hilo si dhihaka, ni hofu, na hofu yenyewe ina miguu. Sheria ya vipimo iko upande wako: gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Lakini sheria haisimami kando ya barabara ya Isyonje saa kumi na moja alfajiri, unasimama wewe. Mkulima mmoja akidai mizani, lori linasogea kwa jirani anayekubali wavu. Wakidai sita waliopangana, litasogea hadi wapi?

Ndiyo maana nakuomba ushangilie tena, na safari hii kwa sauti. Waite majirani watatu wanne wenye mashamba karibu na lako, wapikie chai na hivyo viazi vyenyewe, uwasimulie kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na mikono kutetemeka. Usiiruke sehemu hiyo, ndiyo itakayowaambia kwamba si lazima mtu awe jasiri kwanza. Najua utaogopa kijicho. Watu wetu huficha neema kama mwizi anavyoficha kuku. Lakini ushindi wako ukiufungia kabatini, jirani ataendelea kushona wavu, na mwishowe wavu huo utarudi mlangoni kwako.

Nyama iishie nusu kilo, lakini. Nimeona watu wakila faida yote kwa kuifurahia.

*Kamwene Shangazi. Mimi nafanya kazi ya kupasua mbao hapa Mafinga. Leo siku ya 60 sijaonja pombe, na huu ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na mianzi inatoa kweli kweli. Wenzangu wanataka kunipongeza Jumamosi, wanasema nitakunywa mtogwa tu, ulanzi mbichi, ule mtamu, si pombe. Mke wangu nilipomwambia siku 60 akasema "tutaona Pasaka". Nimeumia. Nani yuko sahihi?*

Kamwene, mwanangu. Siku 60 katikati ya msimu wa ulanzi, mbeta za kukingia zimening'inia kila kona! Hongera sana.

Kuhusu wenzako: wewe ni mtu wa huku kama mimi, usijifanye mgeni. Mtogwa wa asubuhi jioni si mtogwa tena. Unachacha wenyewe ukiwa umetulia, hauhitaji msaada wa mtu. Waambie pongezi unaitaka, ila iwe ya mishikaki na soda, na pawe mahali pasipo na mbeta. Atakayekataa kuja kwa sababu hiyo atakuwa amekupa taarifa muhimu.

Kuhusu mkeo najua hutapenda jibu langu. Barua yako haisemi hii ni mara ya ngapi kuacha, nami nikiona jambo hilo limerukwa nakisia si ya kwanza. Kama amewahi kushangilia siku yako ya 20, na ya 40, kisha akakuburuza kutoka mtaroni, "tutaona" ndiyo hongera pekee aliyobaki nayo. Usimdai kubwa zaidi. Tafuta kopo lenye kifuniko. Kama ulikuwa unakunywa elfu mbili kwa siku, siku 60 ni 120,000. Tumbukiza kidogo kidogo kila siku ya mshahara mpaka ifike, na ufunguo au kifuniko awe nacho yeye. Asihesabiwe, ahesabu mwenyewe. Pasaka haiko mbali.

*Shikamoo Bibi. Natoka Kyela kwenye joto, nimekuja kusoma Njombe. Jana na leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri, ukungu hadi mlangoni, nikaoga maji ya baridi bila kulia. Kaka yangu anasema huo si ushindi wowote. Ni ushindi au si ushindi?*

Marahaba, mjukuu wangu. Mtoto wa Kyela, Njombe, alfajiri, maji ya baridi, siku mbili mfululizo? Mwambie kaka yako aje ajaribu siku moja tu, halafu aniandikie yeye.

Na kesho chemsha maji.