Leta ikirudisha kodi: wadogo zangu, tafuteni kwanza ilitokea wapi

Wadogo zangu wa staji, na ninyi mlioanza kazi juzi kwenye ofisi za uhasibu hapa Lubumbashi: kila Aprili ikikaribia ninakuta kosa lile lile kwenye hesabu mnazoniletea, na safari hii nimeona afadhali nilieleze lote mahali pamoja. Leta, yaani serikali, imerudisha kodi ya faida, au imefuta sehemu yake, na kijana anaiingiza konti 758, mapato mengine, kwa moyo mweupe kabisa. Tarehe 30 Aprili mteja anailipia asilimia 30.

Nikiuliza, ninajibiwa: “Yaya, feza imeingia banki, si ni mapato?”

Hapana, si kila feza inayoingia banki ni mapato. Mkopo unaingia banki. Dhamana ya mpangaji inaingia banki. Ninajua mnalijua hilo, mlilifundishwa mwaka wa kwanza, lakini jina la DGI, ofisi ya Leta inayokusanya kodi, likitokea kwenye karatasi ya banki mnasahau yote, kwa sababu mmezoea kuona feza ikienda huko na hamjazoea kuiona ikirudi.

1. Kabla ya kuuliza inaingia wapi, uliza ilitokea wapi

Kodi ya faida, hii tuliyozoea kuiita IBP, si gharama ya kutafutia faida. Ni fungu la Leta ndani ya faida iliyokwisha kupatikana, ndiyo maana sheria haikubali uitoe kama gharama. Chukua kampuni iliyotangaza faida ya franka milioni 100 ikalipa milioni 30. Baadaye DGI inakubali gharama ya milioni 20 iliyokuwa imekataliwa. Faida halali sasa ni milioni 80, kodi halali ni milioni 24, na milioni sita zinarudi. Je, zile sita ni faida mpya? Zilikuwa ndani ya zile 80 tangu mwanzo, na 80 zimekwisha kutozwa kodi. Ukiziita mapato, umewatoza watu kodi mara mbili juu ya feza ile ile.

Mahali pake ni konti 899, ya kodi ya faida iliyopunguzwa au kufutwa. Lakini hapo kuna mtego wa pili. Jedwali lako la kutafuta faida ya kodi, yaani faida inayotozwa kodi, likianzia kwenye matokeo ya mwisho ya mwaka, unaongeza 891, kodi ya faida ya mwaka huo, na unatoa 899. Wengi mnakumbuka kuongeza, mnasahau kutoa. Likianzia kwenye matokeo kabla ya kodi, hakuna cha kuongeza wala kutoa, maana konti zote zinazoanza na 89 zinakaa chini ya mstari huo. Angalia mstari wa kwanza wa jedwali kabla ya kugusa mengine.

Adhabu za kuchelewa zikifutwa, mwendo ni huo huo: hazikukubaliwa kama gharama zilipolipwa, hazitozwi kodi zikirudi. Ila zenyewe mara nyingi zinarudi kupitia klasi ya 7, konti za mapato, kwa hiyo ni lazima uzitoe kwa mkono kwenye jedwali.

2. Hesabu zinaweza kukaa sawa na mteja akaumia

Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili nililiona kwa macho na sitaki mlione kwenu.

Kwenye ofisi moja niliyofanyia kazi zamani kulikuwa na kijana tuliyekaa naye meza moja. Mpangaji mzuri wa faili, mwepesi wa hesabu, mtu wa kufika kabla ya mlinzi kufungua mlango. Alipewa faili la mzee mmoja mwenye malori yanayotoka Kasumbalesa kwenda Likasi na Kolwezi. Mzee yule alikuwa amekaguliwa, risiti zake nyingi za mafuta zikakataliwa, akatozwa kodi ya nyongeza. Alilipa, kisha akadai. Risiti zilikuwa kwenye katoni ya sabuni, zingine zimefifia mpaka uziinamishe kwenye mwanga wa dirisha ndipo uone tarehe. Kijana alizipanga zote, safari kwa safari, na kila safari akaifunga pamoja na karatasi yake ya mpakani. Dai lilikuwa zuri. DGI ikalikubali kwa sehemu kubwa, barua ikaja: kodi imepunguzwa kwa franka milioni 48.

Ofisi nzima tulifurahi. Mzee mwenyewe alikuja na soda kwa kila mtu.

Mwisho wa mwaka yule yule aliyeipigania ile feza ndiye aliyeiandika. Aliingiza debiti upande wa Leta, krediti 758, na maelezo safi: “Kodi iliyopunguzwa na DGI, barua ya tarehe fulani.” Mlinganyo ukakaa sawa. Banki ikakubaliana na daftari. Jumla ya matokeo ya mwaka, kabla tu ya kuandika IBP ya mwaka ule kwenye 891, ilitoka vilevile kama ambavyo ingetoka kwa 899, na hilo ndilo linaloficha kosa hili kuliko makosa mengine yote. Mkubwa wa ofisi alipitia, akaona hesabu zimefungwa vizuri, akasaini. Hakuna konti iliyopiga kelele. Kosa lilikaa mahali pamoja tu, kwenye faida ya kodi, na huko milioni 48 zikatozwa asilimia 30: milioni 14 na laki nne. Mzee alilipa bila kuuliza, maana alitupa imani yake yote. Mwaka ule aliahirisha kununua matairi ya lori moja, likakaa uani likisubiri.

Kijana aligundua mwenyewe mwaka uliofuata, alipofungua faili la zamani kutafuta kitu kingine. Aliinamia karatasi kwa muda mrefu. Nikamwuliza kuna nini, akaweka kidole kwenye mstari ule, hakusema neno. Siku hiyo hiyo akaenda kwa mzee. Hakutuma ujumbe wala hakungoja mkubwa amtume. Alimwambia, “Papa, feza mliyoshinda kwa Leta, sisi tumewalipisha kodi juu yake. Haikupaswa.” Mzee alimwuliza jambo moja tu: kama inaweza kudaiwa. Dai likaandikwa, likapokelewa, na mwishoni alipewa, si feza mkononi, bali haki ya kuipunguza kwenye kodi zake zilizofuata. Matairi alikuwa amekwisha kuyanunua kwa mkopo.

Namheshimu kijana yule mpaka leo kwa safari ile ya kwa mzee. Lakini angalieni alikosea wapi: hakukosa akili wala bidii. Aliipokea feza bila kukumbuka kwamba yeye mwenyewe, mwaka wa nyuma, aliiongeza kodi ile ile kwenye jedwali kama kitu kisichokubaliwa. Angefungua jedwali la mwaka ule angeiona kwa mwandiko wake.

Na msiniambie mteja aliye na hasara haumii. Mapato ya uongo yanakula hasara anayobeba kwenda miaka ijayo. Ataumia baadaye, wakati wewe hupo tena ofisini kumweleza.

3. Akompti si mapato, hata kidogo

Mteja akilipa akompti za IBP, malipo ya kutanguliza, nyingi kuliko kodi yenyewe, ziada ni deni la Leta kwake, iko konti 4492, ya akompti zilizolipwa, inangoja. Ikirudi, au ikihamishiwa kodi nyingine, unafunga 4492. Klasi ya 7 haiguswi, na 899 vilevile haiguswi.

4. TVA

Hapa Katanga hatuna haja ya kuelezana maana ya kungoja krediti ya TVA, kodi ya ongezeko la thamani ambayo Leta inapaswa kurudisha. Tangu TVA ilipoanza tarehe 1 Januari 2012, kampuni za madini, zinazouza shaba na kobalti nje kwa asilimia sifuri huku zikinunua kwa asilimia 16, zimekuwa zikirundika krediti, na mafundi wadogo wanaozihudumia wanalijua jambo hili kwenye mifuko yao. Ikirudishwa, ni 444, konti ya TVA, inayofungwa. Haikuwa gharama yako, haitakuwa faida yako. Isipokuwa ile TVA iliyokuwa haikubaliki kurudishwa, ukaiweka ndani ya gharama, ikapunguza faida. Hiyo ukifanikiwa kuipata siku moja, inatozwa kodi.

5. IPR si ya kampuni. Tafadhali, si ya kampuni

Hapa ninakosa uvumilivu, mnisamehe. Kampuni imekosea kukata IPR, kodi ya mshahara, kwenye mishahara, imekata zaidi, imepeleka DGI. Kosa linaonekana, kampuni inapewa krediti, na kijana anaileta kwangu kama mapato ya kampuni. Anauliza kama yanatozwa kodi! Swali limekosewa kabla ya kulijibu. Feza ile ilitoka kwenye mshahara wa dereva, wa mlinzi, wa mama anayepika kantini. Patroni alikuwa mkono wa kuipitisha tu. Ikirudi ni deni kwa wafanyakazi, inakaa 422, konti ya deni kwa wafanyakazi, mpaka kila mmoja apewe chake. Na mfanyakazi anayepewa hakatwi IPR tena, maana mshahara wake ulikwisha kuhesabiwa wote tangu mwanzo.

Nimeona daftari ambamo jambo hili lilimalizikia klasi ya 7 na wafanyakazi hawakuambiwa. Mkikuta hivyo, msinyamaze kwa sababu ninyi ni wa staji. Andikeni barua kwa mkubwa wenu, iwe na tarehe.

6. Zile zinazotozwa kweli

Zipo. Kodi yoyote iliyopita 64, konti za gharama za kodi na ushuru, ikakubaliwa kama gharama, ikirudi ni mapato ya kutozwa. Ushuru wa forodha uliotozwa zaidi na kuingia kwenye bei ya bidhaa, kisha DGDA, ofisi ya forodha, ikaurudisha bidhaa zikiwa zimekwisha kuuzwa, nao ni hivyo hivyo. Uliufaidi ulipotoka, utaulipia ukirudi. Sheria ni moja, pande zake mbili.

7. Kuhusu Marekani, maana mnaleta majibu ya huko

Wengine wenu mnafungua simu, mnasoma kurasa za huko, mnarudi mkisema kodi iliyorudishwa inatozwa. Mnachukua nusu. Kule kuna kodi ya mapato ya Leta kuu na kodi ya mapato ya jimbo. Ile ya Leta kuu haikutolewa kama gharama kwenye fomu ya Leta kuu, kwa hiyo ikirudi haitozwi kamwe. Ile ya jimbo inaweza kutozwa, lakini kwa yule tu aliyeorodhesha makato yake moja moja mwaka uliotangulia na kuitoa kodi ya jimbo humo, na kwa kiasi kile tu kilichompunguzia kodi. Aliyechukua kato la kawaida, kiasi kimoja badala ya orodha, hatozwi kitu. Ni kifungu cha 111 cha sheria yao ya kodi, na fikra yake ni ile ile niliyowaandikia kwenye namba 1.

Mama mmoja jirani yangu alinionyesha picha ambayo mwanawe alimtumia kutoka Iowa: fomu 1099-G, sanduku la 2 lina kiasi cha kodi aliyorudishiwa na jimbo. Mtoto alifikiri anadaiwa. Nikauliza kama aliorodhesha makato. Hakuorodhesha. Basi fomu ile ilikuwa taarifa tu, mama akapumua. Wenzake walioko Texas hawaipati kwa kodi ya jimbo, maana Texas haitozi watu kodi ya mapato.

Na wapo walioorodhesha ambao bado hawatozwi. Kuanzia mwaka 2018 mpaka 2024 makato ya kodi za jimbo na za mitaa yaliwekewa mpaka wa dola 10,000. Mtu aliyelipa 13,000 mwaka 2019 alitoa 10,000 tu. Akirudishiwa 1,000, bado alilipa 12,000, juu ya mpaka. Ile 1,000 haikumpunguzia kitu, haitozwi. Ila riba ambayo Leta inaongeza kwa kuchelewa kurudisha, hiyo ni mapato, hata pale kodi yenyewe haitozwi.

8. Mengine kwa haraka

Andikeni kwa tarehe ya barua ya uamuzi, msingoje banki. Mara nyingi feza haiji, inakuja ruhusa ya kuipunguza kwenye kodi nyingine, na mwenye kungoja banki hataandika kitu.

Barua ya DGI, dai lililotangulia, risiti ya malipo na jedwali la mwaka husika vikae faili moja.

Kila dai lina siku yake ya mwisho kwenye sheria ya taratibu za kodi ya tarehe 13 Machi 2003. Isomeni yenyewe pamoja na marekebisho yake, msisome muhtasari wa mwenzenu.

Na wiki hii, kabla hamjafunga hesabu za mtu yeyote, fungueni 758 mstari kwa mstari. Mkiona DGI imetajwa humo, simameni, mtafute ile kodi ilitoka kwa konti gani na kama jedwali la mwaka ule liliikubali. Mkikosa barua, njooni mniulize kabla ya tarehe 30.