Bastola kiunoni, bia mezani

SWALI: Habari wakili. Mi nina kafunda kangu, kabaa kadogo, huku Kabalagala, Kampala, bia na muchomo (nyama choma) tu, hatuna makuu. Kuna kastoma mmoja, mtu mzima, anakuja wikendi na bastola ndani ya shati, akishafika chupa ya tatu anaitoa anailaza mezani pale pale karibu na sahani ya nyama, na wahudumu wangu wanaogopa hata kumpelekea bili, saa hii ananidai mimi heshima na mimi namdai chupa sita. Mpwa wangu anaishi Texas, alipokuja Krismasi akaniambia eti kule huyo angefungwa, halafu kesho yake akasema rafiki yake wa Arizona anaingia baa na bastola na hakuna anayemgusa. Sasa mkweli ni nani? Na hapa kwetu naweza kumkataza au nitajitafutia balaa? – Mwenye kafunda

JIBU: Mwenye kafunda, mpwa wako hajadanganya popote, shida ni kwamba Marekani haina sheria moja ya hili jambo, kila jimbo lina yake.

Texas wanaangalia hela. Baa ikipata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa kuuza pombe inayonywewa hapo hapo, inatundika mlangoni kibao chenye 51 kubwa nyekundu, na hapo huingii na bastola hata kama una leseni yako safi mfukoni. Mwaka 2021 Texas walilegeza wakaruhusu watu wazima wengi kubeba bila leseni kabisa, lakini hicho kibao hawakukigusa. Illinois nao wanahesabu karibu hivyo hivyo, zaidi ya nusu ya mauzo ya miezi mitatu iliyopita. New York ndo wakali, tangu 2022 mahali panapouzwa pombe ya kunywa hapo hapo pako kwenye orodha ya sehemu zisizoingiwa na bunduki, basi, hakuna cha kupiga hesabu.

Arizona ni kinyume. Tangu mwisho wa Septemba 2009 mwenye kibali anaweza kuingia baa na bastola yake imefichwa, lakini kwa sharti moja, asinywe. Akiomba bia keshavunja sheria. Na mwenye baa akiweka kibao cha kukataza, imeisha, bastola inabaki nje. Kwa hiyo huyo rafiki wa mpwa wako muulize vizuri, pale baa anakunywa soda ama anakunywa nini?

Tennessee ndo walinichekesha. 2009 bunge lao lilipitisha sheria ya kuruhusu bastola kwenye migahawa inayouza pombe, gavana Phil Bredesen akaikataa, bunge likaipitisha hivyo hivyo bila yeye, halafu Novemba mwaka huo huo jaji wa Nashville akaifuta kwa sababu haieleweki, yaani mtu amesimama mlangoni atajuaje kama hapa ni mgahawa au ni baa? Wakarudi 2010 wakaiandika upya, gavana akakataa tena, wakaipitisha tena bila yeye. Ukikaa Wandegeya hapa Kampala saa tano usiku utaelewa shida ya yule jaji, mahali pale mchana wanauza chakula, usiku hujui unapaita nini.

Ila ona kitu kimoja, hata kule kwenye ulegevu, anayeruhusiwa kuingia na bastola si yule aliyeshika chupa. Huyo wako wa chupa ya tatu kote huko angekuwa matatani.

Sasa turudi Uganda. Sisi hapa hatuna haki ya bunduki kwenye katiba kama wao, hapa bunduki ni ruhusa unayopewa kwa karatasi, na inaweza kuchukuliwa. Sheria yetu ya silaha ni ya 1970, inataka uwe umefika miaka 25, na mtu wa ulevi hafai kupewa hicho cheti. Kwa hiyo anapoilaza bastola karibu na muchomo anajiharibia mwenyewe kesi mbele ya waliompa karatasi.

Na kumkataza unaweza, ni mahali pako. Huna deni la kumwelezea. Tangu yale mabomu ya Julai 2010, moja likiwa hapo hapo kwenu Kabalagala, watu wa Kampala washazoea kupitishiwa kile kimashine cha askari mlangoni, hakuna atakayeona ajabu ukiandika kibao BUNDUKI HAZIINGII na askari wako akapapasa kila mtu, mzee na kijana. Muhimu ni getini, akiwa mkavu. Ukingoja chupa ya tatu ndo umwambie, hapo hauongei na mtu tena, unaongea na waragi.

Kosa ninaloliona sana na ndo linanitia wasiwasi: mwenye baa anajifanya mwema, anapokea bastola ya kastoma anaificha chini ya kaunta nyuma ya makreti, "nitakurudishia ukiondoka ssebo". Usithubutu! Cheti ni cha mtu na bunduki yake, wewe huna, polisi wakiingia dakika hiyo mwenye silaha bila kibali ni wewe. Arudi nayo nyumbani, aje bila. Na usimwambie atoe risasi pale mezani, mikono ya mlevi kwenye bastola siyo kitu cha kuangalia ukiwa umesimama mbele.

Kama ni afande na bunduki ni ya serikali, usibishane naye, jitenge kidogo upige simu kituoni useme yuko wapi, amevaa nini na amekunywa. Wahudumu wahamishe meza za karibu polepole bila makelele.

Zile chupa sita, mdai kwa simu Jumatatu asubuhi.