Zimwi limekuja au zimwi amekuja?

Swali: Naandika riwaya ya fantasia ambamo zimwi linatoka Mto Nairobi usiku na kuingia mitaani. Rafiki aliyenisomea mswada amefuta kila "lilimfuata" akaandika "alimfuata", eti zimwi ni kiumbe hai. Nani kakosea? – Msomaji, Kayole

Jibu: Hakuna aliyekosea, ndugu yangu. Rafiki yako anaifuata kanuni ya darasani: chenye uhai huenda A-WA hata umbo la nomino likidai vingine. Twasema kipofu amefika, kiboko amezama. Na ngano zinamuunga mkono. Yule nunda wa Unguja, paka aliyeanza kwa kula mifugo mpaka akawala wana wa sultani mwenyewe, anaitwa "mla watu".

Lakini sikiliza methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukisema "zimwi akujuaye hakuli", kitisho chote kimeyeyuka. Li- inalifanya zimwi kitu kikubwa kisicho sura, sawa na tusemavyo jitu limesimama, joka limejikunja. Hapa Nairobi msomaji wako huenda alilelewa na hadithi za irimũ, zimwi la Wagĩkũyũ, na wingi wake ni marimũ: nayo ni ngeli ileile. Sikio lake limeshazoea.

Kwa hiyo usichague ngeli moja kwa kuogopa kukosolewa. Itumie tofauti yenyewe. Unaikumbuka ngano ya bwana harusi mtanashati aliyekuja kuposa, kumbe ana mdomo wa pili kisogoni? Isimulie hivi: "Kijana aliinama kunywa maji. Nywele zikagawanyika nyuma. Zimwi likapiga miayo." Kiumbe ni yuleyule, ila kati ya "aliinama" na "likapiga" msomaji amepoteza mtu. Lugha chache zinampa mwandishi silaha hii ndani ya silabi moja, na inaniuma kuona waandishi wa fantasia wakiiacha ghalani huku wakikopa madragoni.

Unaweza pia kwenda kinyume: zimwi la sura ya kwanza liwe li-, na siku litakapotaja jina lake na kumlilia mamaye, lianze kuitwa a-. Tendo hilo moja litafanya kazi ya ukurasa mzima.

Sharti ni kwamba sentensi ikubaliane yenyewe kwa yenyewe: "zimwi lile lilicheka" au "zimwi yule alicheka". "Zimwi lile alicheka" ni kosa, na mswada wako unalo mara mbili katika kurasa ulizoambatisha. Wingi ni vivyo hivyo: mazimwi yale yalikuja, au mazimwi wale walikuja.

Na pale kijana wa stejini anapopiga kelele "zimwi imekuja!", usimsahihishe. Ndivyo tunavyosema huku, na mtu anayekimbia hana muda wa ngeli.