Kunja Marinda Matano Kwanza, Ndipo Ubishane

Nimeshona sketi za marinda tangu nina miaka kumi na minne, kwenye baraza la shangazi yangu pale Ngamiani, Tanga. Kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, tulikuwa tunakesha na sketi za buluu zimerundikana mpaka mlangoni. Kwa hiyo nilipohamia Uskoti na kupata mahali pa kujifunza kushona kilti, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume wa Kiskoti, nilidhani nusu ya safari nimeshaimaliza. Rinda ni rinda, nilijiambia.

Kilti ya kwanza niliyoishona peke yangu ilizidi kiunoni kwa zaidi ya inchi moja na nusu. Niliifumua yote, uzi kwa uzi, siku mbili nzima.

Naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu, mlio huku Ulaya na mlio nyumbani, maana swali mnaloniuliza ni lilelile: mtindo upi wa kukunja marinda ya kilti ndio sahihi? Swali hilo linawagombanisha hata Waskoti wenyewe. Nimekaa meza moja na mafundi wawili, kila mmoja ana zaidi ya miaka thelathini kazini, wakasusiana chai kwa sababu yake.

Tuelewane kwanza kwenye kitambaa. Kilti ya mwanaume, ile ya heshima, inameza yadi nane za sufu nzito. Mbele kuna vipande viwili tambarare, kimoja juu ya kingine, huku wanaviita aproni. Kinachobaki chote kinarudi nyuma na kukunjwa. Kitambaa chenyewe ni tartani, yaani drafti yenye mistari ya rangi inayokatizana kwa mpangilio unaojirudia. Mpangilio mmoja kamili, kuanzia mstari wa kwanza mpaka pale unapoanza upya, mimi nitauita mchoro. Tartani nyingine mchoro wake ni inchi sita, nyingine unafika tisa au kupita.

Sasa kambi zenyewe. Wa kwanza wanafuata mchoro. Kila rinda linakunjwa kwa namna ambayo kipande kinachoonekana kinaendeleza kile cha rinda lililotangulia. Ukimaliza, mgongoni tartani inaonekana nzima kama ilivyo mbele, utadhani kitambaa hakijakunjwa kabisa. Kilti ya kwanza niliyofanikiwa kuikunja hivi nilimtumia shangazi picha, akanipigia simu kuuliza marinda yako wapi.

Wa pili wanafuata mstari. Wanachagua mstari mmoja wa tartani, na kila rinda linakunjwa ili mstari huohuo ukae katikati yake. Mgongo unapata safu ya mistari wima, mmoja baada ya mwingine, na haufanani tena na mbele. Huu huitwa mtindo wa kijeshi, kwa kuwa vikosi vya nyanda za juu za Uskoti viliupenda. Uzuri wake hauonekani mtu akiwa amesimama. Akipiga hatua, marinda yanafunguka na rangi zilizofichwa ndani zinachungulia, kisha zinajificha tena.

Halafu wapo wa marinda ya boksi. Hawa ni wachache, na nawaheshimu sana. Wanatumia yadi nne tu, marinda ni mapana na hayalaliani upande mmoja. Kilti za mwanzo kabisa zilizoshonwa marinda, mwishoni mwa karne ya 18, zilikuwa hivi. Marinda ya kulaliana, ambayo leo kila mtu anayaona ndiyo kilti yenyewe, yalikuja baadaye; kikosi cha Gordon Highlanders kiliyachukua miaka ya 1850. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba boksi ni uzushi wa vijana wa leo, historia haiko upande wake.

Maoni yangu? Tartani ndiyo inayoamua. Chukua Royal Stewart, ile nyekundu yenye mistari myeupe, njano, buluu na kijani. Ina mambo mengi. Ukiifuata kwa mchoro inapendeza, lakini jicho linakosa pa kutulia. Ukiikunja kwa mstari unaipa nidhamu, ila chagua mstari kwa uangalifu. Black Watch, yenye buluu, nyeusi na kijani cha kiza, mimi naikunja kwa mchoro karibu kila mara, kwa sababu ina utulivu wake na sioni sababu ya kuuvunja. Fundi mwingine atakwambia kinyume na atakuwa na hoja.

Lakini maoni yangu yasikufunge. Ninachokuomba ni kimoja: usikubali wala usikatae mtindo kwa maneno. Kunja marinda matano. Yashikize kwa pini, juu na chini, kwa upana uleule yatakaokuwa nao kilti ikiisha. Kitundike kitambaa kwenye mgongo wa kiti, mwite mteja, mrudishe nyuma hatua nne au tano, na nyamaza. Kazi hiyo inachukua dakika ishirini.

Kijana mmoja wa kwetu pwani alikuwa anaoa huku. Familia ya bibi harusi walitaka avae kilti, naye mwenyewe alitaka kuwaonyesha kwamba ameichukua mila yao kwa moyo. Alikuja ameshakata shauri: Royal Stewart, ifuate mstari mweupe. Alikuwa ameona picha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, sawa, ngoja kwanza." Nikakunja matano kwa mstari mweupe. Pembeni yake nikakunja matano mengine yaliyoweka uwanja mwekundu katikati, na mstari mweupe ukaingia ndani ya mkunjo. Akatazama kimya. Ule weupe uliopangwa safu ulikuwa unakata macho, kama uzio uliopakwa chokaa. Akasema, "Dada, hii nyingine, nikitembea weupe utaonekana?" Nikashika upindo wa chini nikautikisa, mistari myeupe ikameta mara moja ikapotea. Akacheka, akachagua huo. Hatukubishana hata neno.

Hapo ndipo ubishi wa mitindo unapoishia kwangu. Nguvu zinazobaki zipeleke kwenye hesabu na kwenye mambo ya ndani, kwa sababu sijawahi kuona kilti iliyoharibika kwa kuwa fundi alichagua mchoro badala ya mstari. Nimeziona nyingi zilizoharibika kwa kosa la upana wa kucha.

Turudi kwenye ile kilti yangu ya kwanza. Mteja alikuwa na nyonga inchi 40 na kiuno inchi 32. Ukiwapa mbele na nyuma nusu kwa nusu, nyuma unabaki na inchi 20 nyongani na inchi 16 kiunoni. Nilikuwa na marinda 27. Gawanya: kila rinda linatakiwa kuonyesha karibu robo tatu ya inchi nyongani, kisha lipungue taratibu kwenda juu mpaka kiunoni libaki zaidi kidogo ya nusu inchi. Tofauti ya chini na juu kwa rinda moja haifiki hata robo ya inchi. Mimi nilikuwa nazidisha sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, milimita moja na nusu hivi, kwenye kila rinda. Kwa macho huioni. Mara 27 inakuwa inchi 1.7.

Kwenye sketi ya shule kosa kama hilo unalimaliza kwa kusogeza kifungo au kuvuta mkanda. Kilti haikuachii nafasi hiyo. Ukisogeza bizimu, aproni inahama, na mstari uliopaswa kushuka katikati ya tumbo unakwenda kando. Kila anayejua kilti atauona kabla hajakusalimia.

Kwa hiyo usipime rinda kwa rinda tu. Pima manne, jumlisha, linganisha na hesabu yako. Pima tena yakifika manane. Andika kwenye karatasi kando yako. Mwalimu wangu, bibi wa Kiskoti ambaye vidole vyake vimepinda kwa ajili ya kazi hii, hunifunikia kitambaa kila nikifika rinda la tisa na kuniuliza jumla ni ngapi. Nisipoijua, ananirudisha nyuma.

Kupunguza rinda kwenda kiunoni kuna siri yake pia, na hapa mitindo inatofautiana kwa kazi, si kwa sura tu. Kama umefuata mstari, lazima upunguze pande zote mbili sawasawa ili mstari ubaki katikati ya rinda mpaka juu. Ukiupunguza upande mmoja, mstari unaanza kulala, na marinda yote yanaonekana yameegemea. Ukifuata mchoro, mtihani wako ni mwingine: mistari wima ya jirani na jirani iendelee kuleta sura moja hata pale nafasi inapobana. Huwezi kuyapata yote kikamilifu kule juu. Unachotafuta ni kwamba kupungua kwenyewe kuwe sawa kwa kila rinda.

Mistari ya mlalo haina kambi. Iwe mchoro, iwe mstari, iwe boksi, mstari wa mlalo ukitoka rinda moja kwenda jingine uvuke bila kupanda wala kushuka. Nikipokea kilti ya fundi nisiyemjua, nainama kidogo, nafumba jicho moja, natazama mgongo kwa ubavu. Ngazi zinaonekana papo hapo. Wewe uliyewahi kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono wa kati, au pindo la kanga kwenye gauni, jicho hilo unalo tayari. Liheshimu. Mimi nilikuwa nalo nikaliacha Tanga, nikidhani huku kuna elimu nyingine.

Upindo wa chini, kwa kawaida, haukungwi. Kilti inakaa juu ya ukingo wa kitambaa ulivyotoka kwenye mtambo, na ndiyo maana mkunjo unabaki mwembamba na mkali. Kitambaa kikiwa cha upana mkubwa, yadi nne hukatwa katikati kwa urefu, zikawa nane, na kipande kimoja kinageuzwa ili ukingo wake nao ukae chini. Kiungo kinafichwa ndani kabisa ya rinda moja. Angalia hapa: zipo tartani ambazo mchoro wake haulingani kulia na kushoto. Ukigeuza kipande cha tartani ya namna hiyo, mpangilio unakuja kinyumenyume. Kagua kabla mkasi haujagusa kitambaa. Sufu hii ni ghali, na ukishakata umekata.

Ndani ndiko kwenye roho ya kazi. Ukishashona marinda kwa mkono kuanzia kiunoni mpaka nyongani, mgongo wa ndani una tabaka juu ya tabaka, mzito kama godoro. Sehemu ya juu ya mikunjo hiyo inakatwa kupunguza unene. Fundi mwenye haraka anakata, anafunika na bitana, anapeleka kwa mteja. Kilti itapendeza siku ya harusi. Baada ya mwaka, uzito wa yadi nane ukining'inia kwenye nyuzi za nje peke yake, marinda yanaanza kulegea na mgongo unashuka. Kabla ya bitana, marinda yale yaliyokatwa yafungwe kwa safu ya mishono ya ndani, kisha kanvasi, kitambaa kigumu, ishonwe juu yake ili iubebe uzito na mvuto wa bizimu. Hakuna atakayekusifu kwa kanvasi. Mteja hataiona milele. Mimi naishona kwa mkono na subana kidoleni, na ni saa nyingi, lakini kilti za zamani nilizozifungua kurekebisha, zilizovaliwa na baba na mwana, zote zilikuwa na mishono hiyo imesimama.

Mwisho ni bandi, yaani mishono mirefu ya muda, na pasi. Marinda yakishonwa juu, chini bado yako huru. Yapige bandi kwa uzi mweupe, safu kwa safu mpaka karibu na upindo, ukilinganisha mistari ya mlalo kila unapopita. Hapo ndipo unapiga pasi, nzito, juu ya kitambaa kibichi, ukiiweka na kuiinua. Ukiiburuza, kazi yote ya bandi inaharibika. Acha kilti ipoe palepale mezani. Usimvishe mwanasesere wa kujaribia nguo ikiwa bado na joto.

Na bandi usiitoe. Mpe mteja kilti na nyuzi zake nyeupe, isafiri hivyo, mikunjo isivunjike njiani. Yule kijana wa harusi nilimwambia aifumue asubuhi ya siku yenyewe, aanzie chini, avute taratibu asije akachomoa uzi wa sufu. Alinitumia video: amekaa kitandani hotelini na mama yake aliyetoka Pangani, miwani puani na mkasi mdogo mkononi, anakata uzi mmoja mmoja na kuuweka pembeni juu ya mto, huku akihesabu marinda kwa sauti.