Wasomaji Wanauliza: Nyumba ya Kinyonga

SWALI: Nina kinyonga dume wa pembe tatu. Nimemweka kwenye akwariamu ya kioo yenye mmea mmoja, bakuli la maji na taa inayowaka usiku kucha. Sasa macho yanazama na hatembei. Kosa liko wapi? (Msomaji, Ibanda, Bukavu)

JIBU: Ndugu yetu, anza kwa kumtoa humo. Ndani ya kioo hewa haizunguki: taa ikiwaka kunakuwa tanuri, ikizimwa unyevu unabaki, na ndipo magonjwa ya mapafu yanapoanzia. Tena dume akijiona kwenye kioo hudhani ni mpinzani, akashinda na hasira kutwa. Bakuli nalo toa. Kinyonga hulamba matone kwenye majani. Maji yaliyotulia mara nyingi hayatambui. Macho yaliyozama ni dalili ya kiu, ingawa bakuli limejaa.

Mwambie seremala atengeneze fremu ya mbao yenye upana wa sentimita 60, kina 60 na kimo 120, kisha aizungushie wavu wa waya wa matundu ya milimita 5 hivi. Chandarua cha mbu usitumie: kucha zinanasa, na nyenje hukitafuna. Ukipaka vanishi, subiri mpaka harufu iishe kabisa. Kizimba kikae juu ya meza, paa lipite macho ya mtu aliyesimama, maana kinyonga huogopa chochote kinachomjia kutoka juu. Kiwe mbali na mbabula. Moshi wa makala haumfai.

Matawi ya mpera yenye unene wa kidole yanatosha. Yafunge kwa waya yasitikisike, mengine yakilala, mengine yakipanda. Tawi la kuotea joto liwe sentimita 20 chini ya paa; likikaribia taa, mgongo unaungua kabla mwenyewe hajahisi. Majani yajaze nusu ya kizimba: hibiskusi, drasena, fikusi. Asipopata pa kujificha atabaki mweusi na hatakula. Mnyaa wa ugo usiuingize kamwe, utomvu wake unaunguza macho.

Kinyonga wako, kwa maelezo yako, ni Trioceros johnstoni, wa milima hii hii ya kwetu, na wanaomhurumia kwa baridi ndio wanaomuumiza. Mchana anataka nyuzi 22 hadi 26, penye joto 28, usiku 15 hivi. Bukavu iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku zima taa, na umeme ukikatika lala usingizi. Akiachama mdomo mchana, joto limezidi. Mpeleke kivulini mara moja. Asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, mtoe nje na kizimba chake kwa nusu saa, upande mmoja ukiwa na kivuli. Jua la dirishani halihesabiki: kioo huzuia miale ya UVB, na bila miale hiyo mwili hautumii kalsiamu sawasawa. Taya hulainika, miguu hupinda.

Nyunyizia majani asubuhi na jioni, dakika mbili tatu, kisha uyaache yakauke. Katikati ya siku weka juu ya paa chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano, itone polepole juu ya jani pana, na beseni chini. Chunguza kinyesi: sehemu nyeupe ikigeuka rangi ya machungwa, ongeza maji.

Chakula ni panzi, nyenje na mende wasiozidi upana wa kichwa chake. Walishe lengalenga siku moja kabla, wapake unga laini wa ganda la yai. Panzi wa shamba lililopigwa dawa waache huko huko.

SWALI: Mimea ya kizimba inaoza na udongo unanuka. (Msomaji, Kadutu)

JIBU: Maji hayana pa kutokea. Wengi huweka changarawe chini ya chungu, lakini haisaidii, kwani maji hubaki kwenye udongo ulio juu yake. Ongeza matundu, changanya sehemu tatu za udongo mweusi na moja ya mchanga mnene, inua chungu juu ya mawe mawili ndani ya beseni. Mbolea ya dukani hapana. Funika udongo kwa mawe makubwa kuliko kichwa cha kinyonga: ulimi ukimfuata mdudu huvuta na kokoto, na kokoto huziba utumbo.

SWALI: Jike langu lisilo na pembe, la aina hiyo hiyo, linashuka chini na kukwaruza sakafu. (Msomaji, Bagira)

JIBU: Mama, anatafuta pa kutagia, hata kama hajaonana na dume. Mpe ndoo ya mchanga na udongo wenye unyevu, kina sentimita 25, shimo lichimbike bila kubomoka. Funika kizimba kwa kitambaa, watoto wasimchungulie. Akichimba siku kadhaa bila kutaga, au akifumba macho mchana, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.